Sato, perege au chotara? Nasaba ya samaki ni suala la mfuko wa mfugaji

Na Mchambuzi Wetu, Mhunze

SIKU moja ya mnada hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, kijana mmoja alishusha kwenye pikipiki mfuko mkubwa wa nailoni uliojazwa maji na hewa. Ndani yake walikuwamo vifaranga wa samaki, mia kadhaa hivi. Wafugaji watatu walikuwa wanamsubiri, kila mmoja na ndoo yake.

Nilimuuliza kijana yule ni samaki gani. "Sato," alijibu. Nikamuuliza wametoka wapi. "Kwa jamaa yangu, Mwanza huko." Nikauliza tena kama ni madume watupu au wamechanganyika. Akacheka. "Bosi, samaki ni samaki."

Kauli hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo. Mkulima wa pamba wa Kishapu hawezi kukubali kuambiwa kwamba mbegu ni mbegu. Atataka kujua imetoka wapi, na isipoota atajua amlaumu nani. Lakini mkulima huyo huyo akichimba bwawa la samaki hununua vifaranga kwa kuangalia rangi ya mgongo tu. Wakati huohuo, wanasayansi wamegundua kwamba hata macho ya wataalamu yamekuwa yakidanganyika kwa miaka mingi kuhusu perege wa nchi hii, na kwamba huenda wako samaki ambao hawajapewa jina mpaka leo.

Perege wa Korogwe aliyeonekana Lindi

Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti kutoka Tanzania na Uingereza walikuta, katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa mkoani Lindi, samaki wanaofanana na perege wa Korogwe, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oreochromis korogwe. Jambo hilo lilishangaza. Perege huyo alielezwa kisayansi mwaka 1955 na mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe, naye anajulikana kuwa ni wa kaskazini. Huko Tanga anapatikana Mto Zigi na bwawa la Mlingano. Kati ya Tanga na Lindi kuna mamia ya kilomita, na katikati inapita Wami, Ruvu na Rufiji.

Maelezo rahisi yangekuwa kwamba kuna mtu aliyewabeba. Tangu miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, na baadaye miradi ya kila namna, ilihamisha samaki kutoka ziwa hadi ziwa kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, mara nyingi bila kuweka kumbukumbu. Bwana samaki alipita na pipa lake, akamimina, akaondoka.

Lakini watafiti walipopima vinasaba vya samaki hao na kuchora mti wa nasaba, jibu likawa tofauti. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Molecular Ecology, yalikadiria kwamba kundi la Tanga na kundi la Lindi zilitengana yapata miaka 140,000 iliyopita. Hakuna pipa la mkoloni la umri huo. Samaki wa Lindi walikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwahamisha, nao wamebadilika kivyao kwa muda wote huo.

Je, ni spishi mpya? Watafiti hawakuwapa jina jipya. Walisema ni makundi mawili yanayostahili kulindwa kila moja peke yake. Hapo walikuwa waangalifu, nami nadhani walifanya vema, kwani kumpa samaki jina kuna taratibu zake. Lazima achukuliwe samaki mmoja wa mfano, atunzwe katika makumbusho, apimwe mapezi, magamba na meno, kisha maelezo yake yachapishwe kwa kufuata kanuni za kimataifa. Mti wa nasaba peke yake haumpi samaki jina. Unachofanya ni kumwambia mtaalamu mahali pa kuchimba.

Habari mbaya ilikuwa katika kurasa hizohizo. Katika maziwa matatu ya kusini walikutwa machotara waliotokana na perege huyo wa asili na sato, yaani Oreochromis niloticus, aliyeletwa kutoka nje ya eneo lile. Kwa maneno mengine, samaki ambaye tumemjua juzi ameshaanza kuyeyuka ndani ya samaki mwingine.

Mti huo unachorwaje?

Msomaji asiogope. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaifahamu kanuni hii. Wanafunzi kumi wakinakiliana daftari, mwalimu hawatambui kwa majibu sahihi, kwa sababu majibu sahihi ni ya wote. Huwatambua kwa makosa. Wawili wakikosea swali la saba kwa namna ileile, mmoja amemwangalizia mwenzake, au wote wawili wamemwangalizia wa tatu.

Vinasaba ni maandishi marefu yenye herufi nne tu, na kila kizazi huyanakili kwa ajili ya watoto. Mara chache hutokea kosa la kunakili, na kosa hilo hurithiwa. Watafiti hukata kipande kidogo cha pezi, hukitia katika chupa ya ethanoli, hupiga picha ya samaki na kuandika mahali alipovuliwa. Maabara husoma herufi, na kompyuta hulinganisha makosa. Wenye makosa mengi ya pamoja huwekwa kwenye tawi moja. Wenye machache huwekwa mbali. Kwa kuwa kasi ya makosa inaweza kukadiriwa, huwezekana pia kukadiria ni lini matawi yaliachana.

Njia ya bei nafuu zaidi ilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert wa Kanada. Husomwa kipande kimoja kifupi, herufi kama 650 hivi, kwenye mitokondria, sehemu ya chembe hai yenye vinasaba vyake yenyewe. Kipande hicho hufanya kazi kama alama ya bei kwenye bidhaa za dukani. Njia hii imesaidia sana kugundua spishi zilizojificha, na hata kuwaumbua wauzaji wa samaki wanaobandika jina la samaki ghali kwenye samaki rahisi.

Tatizo ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Hapa Usukumani, mtoto ambaye mama yake alilipiwa ng'ombe ni wa ukoo wa baba. Kipimo cha mitokondria hakijui habari za ng'ombe. Dume la sato likizaa na jike la perege wa asili, watoto wote watasomeka kuwa perege wa asili, hata kama nusu ya damu yao ni ya sato. Ndiyo maana utafiti mkubwa wa nasaba ya perege uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mti uliochorwa kwa vinasaba vya mama na ule wa vinasaba vya wazazi wote wawili haviendi sawa katika baadhi ya matawi. Ukitaka ukweli kuhusu perege, inabidi usome vinasaba vya pande zote mbili, na gharama hupanda.

Somo la Malacca

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maprofesa. Mimi ni mchumi wa kilimo, kwa hiyo naomba nizungumzie fedha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha utafiti cha Malacca, katika Malaysia ya leo, mtaalamu aitwaye C.F. Hickling alikuwa na perege wa aina mbili ambao watu waliwadhani kuwa ni spishi moja yenye asili ya Msumbiji. Kundi moja lilikuwa limetoka Zanzibar. Alipopandisha madume ya Zanzibar na majike ya kundi la pili, karibu watoto wote walizaliwa madume. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1960. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London alieleza kwamba wale wa Zanzibar walikuwa perege wengine kabisa, wenye asili ya Mto Wami hapa kwetu, akawapa jina hornorum. Hadi leo wataalamu hubishana kama ni spishi kamili au ni tawi la perege wa Rufiji.

Kwa mfugaji, madume watupu ndiyo faida yenyewe. Tuseme umenunua vifaranga 1,000 na nusu yake ni majike. Jike la perege huatamia mayai mdomoni, na wakati huo halili wala halikui. Akishatema watoto hujiandaa kuzaa tena. Baada ya miezi sita bwawa lako lina maelfu ya midomo ambayo hukuinunua. Pumba na mashudu uliyopanga yalishe samaki elfu moja sasa yanagawanywa kwa samaki elfu tano. Siku ya kuvua, unapata samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, na mama lishe wa Maganzo au wa machimbo ya Geita hawataki hao. Anataka samaki anayejaza sahani.

Mbinu ya Malacca ilisambaa duniani, lakini baadaye wengi walilalamika kwamba majike yameanza kuonekana tena. Sababu kubwa ilikuwa wazazi. Dume wa Wami akiwa ameshachanganyika damu, watoto hawatoki madume watupu. Ile asili safi ndiyo iliyokuwa mtaji, nao ulikuwa umetumbukia majini bila mtu kuona. Siku hizi wazalishaji wengi hutumia homoni kugeuza vifaranga kuwa madume, kazi inayohitaji uangalifu na kituo kinachoaminika.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 1988 ulianza nchini Ufilipino mradi wa kuboresha sato wa kufugwa. Wataalamu walikusanya sato wa mwituni kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawachanganya na wale waliokuwa wanafugwa Asia, wakachagua wanaokua haraka kizazi baada ya kizazi. Kutokana na kazi hiyo Asia inauza perege duniani kote. Malighafi ilitoka katika maji ya Afrika. Samaki wa Rutamba, au perege wa maziwa yetu ya magadi, anaweza kuwa na kitu ambacho mfugaji wa mwaka 2050 atakihitaji, kama vile kustahimili joto, chumvi au ugonjwa. Hatuwezi kujua leo, na tukishamchanganya hatutajua kamwe.

Maji ya Kishapu yanakwenda wapi?

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa Shinyanga na Geita wanisikilize kwa makini, kwa sababu tumezoea kusema sisi ni watu wa kanda ya ziwa, tukidhani maji yetu yote ni ya Ziwa Victoria. Si kweli.

Maji ya Geita na Chato huenda Ziwa Victoria. Baadhi ya maji ya upande wa Kahama huelekea Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Lakini mvua inayonyesha Mhunze hushuka Tungu na Manonga, huingia mbuga za Wembere, hufika Ziwa Kitangiri na kuendelea hadi Eyasi. Ndiyo maana sisi tuko chini ya Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini.

Mabonde hayo matatu yana perege tofauti. Malagarasi ana wake, aliyepewa jina la mto huo. Katika maziwa ya chumvichumvi ya Kitangiri, Eyasi na Manyara yuko Oreochromis amphimelas, aliyeelezwa tangu mwaka 1905 na ambaye kwa asili hapatikani nje ya Tanzania. Mti wa nasaba wa 2019 ulionyesha kwamba perege wameingia kwenye maji magumu ya namna hii zaidi ya mara moja, kila kundi kwa njia yake. Kwa hiyo huyu wa kwetu hawezi kubadilishwa na yule wa Ziwa Natron kama vile ni pacha wake.

Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa na ngege, Oreochromis esculentus, aliyeelezwa na Michael Graham mwaka 1928 baada ya uchunguzi wake wa uvuvi ziwani. Wazee wa Mwanza wanaikumbuka ladha yake. Baada ya sato kuletwa kuanzia miaka ya 1950, na sangara kuongezeka, ngege alitoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Alibaki katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, Kenya, na mahali alipopandikizwa. Kwa Kiingereza anaitwa perege wa Singida, kwa kuwa alipelekwa huko, ingawa kwao ni Victoria. Basi mgeni wa Singida amegeuka kuwa akiba ya mwenyeji wa Mwanza!

Uchunguzi uliofanywa kati ya 2011 na 2017 na watafiti wakiwamo Asilatu Shechonge na Benjamin Ngatunga, Watanzania, ulibaini perege wa kundi hili katika vituo 123 nchini. Makundi 14 yalikutwa katika maeneo yao ya asili tu. Aina tatu zilikuwa zimesambaa nje ya kwao: sato, ngege na perege mdogo mwenye madoa ya buluu, Oreochromis leucostictus, ambaye ndiye pekee kati yao asiye wa asili ya Tanzania kabisa.

Huyo wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi kibiashara. Akiwa kifaranga si rahisi kumtofautisha na sato, lakini hakui kama sato. Anayechota vifaranga kwa neti pembezoni mwa bwawa au ziwa, kama nadhani alivyofanya yule jamaa wa Mwanza, anaweza kukuuzia nusu kwa nusu bila hata yeye kujua. Utalisha miezi minane na kulaumu pumba.

Mchanganyiko hautokei kila mahali kwa kiwango kilekile. Katika bonde la Pangani, utafiti wa 2019 ulikuta kwamba perege wa asili walio hatarini wamechanganyika kidogo tu na wageni. Nayasema haya ili nisionekane natangaza kiama.

Pale mti unaposhindwa

Mti wa nasaba una mipaka, na mfano mzuri ni furu. Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na katika muda huo mfupi zimetokea aina za furu zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi. Ni wachanga mno. Makosa ya kunakili hayajapata muda wa kulundikana, hivyo mti hutoka kama kichaka. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chanzo chao ni uchotara wa kale wa matawi mawili, moja la upande wa Kongo na jingine la Nile. Kwa hiyo hata uchotara nao huweza kuzaa utajiri, ukipewa miaka elfu kumi na ziwa tupu.

Kwa furu, rangi na meno bado husaidia. Yuko mmoja mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, Pundamilia nyererei, mwenye ndugu wa rangi ya buluu. Majike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba pale maji yanapokuwa machafu, mwanga hupungua, majike hayaoni rangi vizuri, na tofauti za aina hizo hufifia. Udongo na mbolea vinavyosombwa kutoka mashambani ni sehemu ya uchafu huo. Mkulima asiyefuga samaki hata mmoja naye yumo katika hesabu hii.

Tufanye nini Kishapu?

Sina nia ya kumzuia mtu kufuga sato. Sato hukua, huuzika, na mfugaji wa Chato ambaye maji yake yanaishia Ziwa Victoria haongezi mgeni mpya, kwani sato yumo humo miaka mingi. Hesabu ya Mhunze ni tofauti. Mmoja wa wale wafugaji watatu aliniambia lambo lake liko kando ya kijito kinachoingia Tungu, na kila masika hufurika. Samaki wake wanaotoka na mafuriko hawarudi.

Kwa hiyo mahali pa bwawa ni muhimu kuliko aina ya samaki. Bwawa lichimbwe mbali na kijito, liwe na tuta lililoinuka kuliko kimo cha mafuriko ya miaka mibaya, na bomba la kutolea maji liwekewe wavu mdogo ambao kifaranga hapiti. Gharama ya wavu ni ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa vifaranga.

Anayenunua aulize wazazi wa vifaranga wametoka wapi, kama wamegeuzwa madume, na apewe risiti. Muuzaji asiyejua jibu la swali la kwanza anauza bahati nasibu. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, na viwili viko karibu nasi: Mwamapuli wilayani Igunga na Rubambagwe wilayani Chato. Kwa mfanyabiashara mdogo hapo pana nafasi: kusafirisha vifaranga wenye karatasi ya asili ni biashara inayoweza kutoza bei ya juu kidogo, kama ilivyo kwa mbegu za mahindi zenye lebo.

Kwa upande wa Halmashauri, ombi langu ni dogo. Kabla mradi wowote haujamimina vifaranga katika lambo la kijiji, ofisa uvuvi avue samaki waliomo, awapige picha, akate vipande vya mapezi na kuvipeleka kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ambayo ina kituo Mwanza. Chupa ishirini za ethanoli hazijazi hata kiti cha basi. Malambo yetu mengine yana umri mkubwa, na humo kuna perege ambao wanakijiji wanawaita sato kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo.

Mvua za kwanza hutarajiwa Novemba, na ndipo pikipiki zenye mifuko ya nailoni huanza kuongezeka mnadani. Anayetaka kuweka oda Mwamapuli au Rubambagwe aanze kuulizia miezi miwili kabla, kwani vifaranga wa madume hawakai dukani kama misumari.